Busia Hatukuwa na Super Nintendo

Kila inapotoka RPG mpya, yaani gemu ya kuongoza mhusika anayekua kadiri unavyocheza, iliyovaa sura ya zamani, maelezo yanayotoka Ulaya na Marekani huwa yale yale: watu wamekumbuka utoto wao. Shujaa mdogo wa pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, anaonekana kutoka juu, ana upanga na ngao, muziki unalia kwa sauti tatu nne za kielektroniki, na hapo mtu wa miaka arobaini na kitu analengwalengwa na machozi huku akitoa kadi ya benki. Sawa, wao yanawahusu. Mimi nimekulia Busia, upande wa Uganda, na pale mjini sikuwahi kumjua mtu hata mmoja mwenye Super Nintendo, ile mashine ya gemu ya miaka ya tisini. Sasa hizi gemu zinanikumbusha nini mimi?

Siulizi kwa mzaha. Ninao marafiki Kampala, Jinja na Arua, vijana na wasio vijana, ambao wakitoka kazini hawataki kusikia habari za gemu yenye picha kama sinema. Wanataka RPG za mapigano, zile ambazo unampiga adui papo hapo kwa mkono wako badala ya kungoja zamu, na wanazitaka za pikseli. Hakuna hata mmoja wao aliyezicheza zilipotoka mara ya kwanza. Kama ni kumbukumbu inayowavuta, basi wanakumbuka maisha ya watu wengine. Mimi naona kinachovuta ni ufundi wenyewe. Gemu hizi zilizaliwa katika ufinyu, zikalazimika kusema kila jambo waziwazi, na uwazi huo haujazeeka.

Tuanze na tulichokuwa nacho. Zilikuwepo zile mashine za kijivu za bandia, zenye jina linalokaribiana na PlayStation ili mzazi asiyejua aingie mkenge. Ndani yake zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Kaseti yake ya njano iliandikwa kuwa ina gemu 9999, ila ukizipitia unakuta ni zile zile chache zinazojirudia, hii imebadilishwa jina, ile inaanzia hatua ya tatu. Contra, Battle City, Circus Charlie, Mario. Ukimaliza maisha yako unampisha mwenzako padi ya kuchezea, na kama ni kaka yako mkubwa, unampisha hata kabla hujayamaliza.

RPG hazikuwemo, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. The Legend of Zelda ilipotoka Japani mwaka 1986 ilikuwa kwenye diski inayoandikika. Ilipopelekwa Marekani mwaka uliofuata ikatiwa kwenye kaseti yenye kibetri ndani, ili ukizima mashine safari yako ibaki. Kaseti zetu za bandia hazikuwa na kibetri hicho. Betri ni gharama, na mwenye kiwanda cha vitu bandia hakuwa na haja na safari ya mtu yeyote. Kwa hiyo tulilelewa na gemu zinazoanza na kwisha kwa mkao mmoja, na urefu wa mkao wenyewe mara nyingi uliamuliwa na umeme.

Baadaye vikaja vibanda vya gemu: PlayStation mbili tatu, benchi, runinga ya mgongo, unalipia kwa mechi. Huko nako RPG haikuwa na pa kukaa. Hebu mwambie mwenye kibanda kwamba unataka gemu ya saa 40, na kwamba saa nzima ya kwanza utakuwa unazungumza na wanakijiji na kumtafutia bibi kizee paka wake. Nyuma yako vijana wameshika mia tano zao mkononi wanangoja mpira. Angekutoa kwa sikio.

Kwa wengi wetu mlango ulikuwa simu. Kwanza gemu za Java, zile ndogo za simu za vitufe, zilizohama kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, kisha Zenonia, RPG ya kampuni ya Gamevil ya Korea Kusini iliyoanza kuingia kwenye simu za kisasa mwaka 2009. Shujaa wake alikuwa anaona njaa, ilibidi umlishe. Mkoba wake ulikuwa na kikomo cha uzito, kwa hiyo kila mara unasimama porini ukiamua kipi ukitupe na kipi ukakiuze. Michoro yake ilikuwa ya mtindo wa miaka ya tisini, lakini sisi tungejuaje? Kwetu ilikuwa gemu mpya kwenye simu mpya. Kilichokuwa cha zamani Tokyo kilikuwa kipya Busia, na ndiyo maana hoja ya kumbukumbu hainiingii akilini.

Utamu wenyewe sasa. Katika RPG ya zamu, namba ndizo zinazoamua: nguvu yako 50, ya adui 80, utakufa hata uwe na vidole vya mpiga kinanda. Katika gemu ya mapigano matupu ni vidole tu. RPG ya mapigano inakupa vyote viwili kwa pamoja, hivyo wewe na mhusika wako mnakua sambamba, kila mmoja kivyake. Yeye anapanda daraja na kupata upanga mzito zaidi. Wewe unajifunza kwamba yule nyigu mkubwa hurudi nyuma kidogo kabla hajakurukia. Siku ukimwangusha bosi, yaani adui mkubwa wa hatua, aliyekusumbua wiki nzima, hujui kwa hakika ni nani kati yenu aliyemwangusha. Ukishindwa, una hiari: rudi porini ukakusanye nguvu, au baki pale pale uzisome hatua zake mpaka uzijue. Mwenye mikono mizito ana njia yake, na asiyependa hesabu ana yake.

Wajapani walilifikia jambo hili kwa kupapasa. Mwaka 1984 zilitoka The Tower of Druaga, Hydlide na Dragon Slayer, zote tatu za kihistoria na zote tatu, kwa maoni yangu, za kuwaachia watafiti. Mwaka 1987 kampuni ya Falcom ikatoa Ys, ambayo haina hata kitufe cha kupigia. Unampiga adui kwa kumparamia. Inaonekana upuuzi mpaka ugundue kwamba ukimwingia katikati mnaumizana, bali ukimwingia pembeni kidogo anaumia yeye peke yake. Basi, kanuni yote ndiyo hiyo. Lakini ukishaijua, macho yako yanaanza kutafuta ukingo wa mwili wa kila adui, huku muziki wa Yuzo Koshiro ukikusukuma mbele. Nimeicheza nikiwa mtu mzima, kwenye laptopu ya mitumba, bila kumbukumbu yoyote ya kunishika mkono, na nilikesha nayo.

Secret of Mana ya mwaka 1993 ilikwenda njia nyingine. Ukishapiga upanga, kiwango kilicho chini ya skrini kinapanda taratibu hadi asilimia 100, na ukipiga kabla hakijajaa, pigo linakuwa hafifu. Kwa hiyo unapiga, unarudi nyuma, unazunguka, unangoja, unapiga tena. Tena watu watatu wanaweza kushika padi kwa wakati mmoja, kila mmoja na mhusika wake. Aliyezoea kubofya ovyo ataiona inachosha. Mimi naona ina mdundo, na ukiucheza na wenzako wawili wanaoujua mdundo huo, hamhitaji hata kusemezana.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote kinatoka Marekani. David Brevik na wenzake wa kampuni ndogo ya Condor, baadaye Blizzard North, walikuwa wanatengeneza Diablo, na yeye alitaka iwe ya zamu, kwa sababu alipenda gemu za zamani za mapangoni kama Rogue na NetHack, zilizochorwa kwa herufi tu. Blizzard, kampuni iliyokuwa ikiichapisha, waliomba iwe ya papo hapo. Brevik akakataa. Wafanyakazi wakapiga kura, akashindwa. Ijumaa moja mchana akakaa peke yake kuibadilisha, na saa chache baadaye akabofya kiunzi cha mifupa, shujaa akakifuata na kukivunja. Amesimulia mwenyewe kwamba alijua hapo hapo kuwa kitu kimezaliwa. Ninachopenda ni kwamba zamu hazikuondolewa, zilikimbizwa tu. Chini ya kelele zote za Diablo kuna ile hesabu tulivu ya mapango ya herufi, na unaisikia kila unapofungua mkoba kulinganisha kofia mbili.

Kuna na suala la macho. Mchoraji aliyepewa kisanduku cha pikseli 16 kwa 16 hana nafasi ya porojo. Adui lazima atambulike kwa umbo lake, na akitaka kukushambulia lazima aonyeshe: anainua mkono, anachuchumaa, anawaka mwekundu. Picha mbili tatu tu, basi, umeambiwa. Linganisha na gemu kubwa za leo, ambamo nywele zinapepea, cheche zinaruka, vumbi limetanda, kamera imejificha nyuma ya mti, na mimi nimekwisha kufa bila kujua nimeuawa na nani. Katika gemu nzuri ya pikseli ukifa unajua kwa nini. Naichukulia kuwa ni heshima kwa mchezaji.

Heshima hiyo imebebwa vizuri na Hyper Light Drifter ya mwaka 2016. Wahusika wake hawazungumzi kwa maneno. Ukimkaribia mtu, kisa chake kinatokea kwa picha juu ya kichwa chake. Mtengenezaji wake, Alx Preston, alizaliwa na ugonjwa wa moyo, na shujaa wake anatapika damu katikati ya safari. Hakuna anayekueleza ugonjwa huo ni nini, na hakuna haja. Nilimwona mtoto wa jirani zangu wa Nsambya, mtaa wa Kampala, wakimbizi kutoka Kongo, Kiswahili anakijua na Kiingereza ndiyo kwanza anakianza, akiifuata hadithi ile vizuri kuliko mimi niliyekuwa natafuta maandishi.

Tunic ya mwaka 2022, kazi ya Mkanada Andrew Shouldice, si ya pikseli lakini nasaba yake ni Zelda moja kwa moja. Mbweha mdogo anaokota kurasa za kitabu cha maelekezo ya gemu ile ile unayoicheza, na kitabu kimeandikwa kwa hati ya kubuni usiyoweza kuisoma. Unatazama michoro, unafuata mishale, unakisia. Huko nje walioicheza wengi waliiona ngeni. Jamani, sisi tulicheza kaseti zenye menyu za Kijapani, tukijua tu kwamba mstari wa pili ndio unaoanzisha mchezo! Na tulikaa kwenye vibanda vya video, VJ, msimulizi wa sinema, anatusimulia sinema ya Hong Kong kwa Luganda na kutia chumvi zake, tukatoka nje kila mtu na sinema yake kichwani. Hadithi yenye mapengo haijawahi kututisha. Gemu ya zamani ina mapengo mengi, na mchezaji wa hapa ni hodari wa kuyajaza.

Suala la gharama nalitaja haraka kwa kuwa kila mtu analijua. Zelda ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128. Stardew Valley, ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake na ambayo ndani ya migodi yake ni RPG ya mapigano kabisa, inaomba MB 500 tu za nafasi. Gemu kubwa za leo zinaomba GB 100 na kuendelea, na hapa Uganda bando la intaneti linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kuondolewa. Piga hesabu mwenyewe. Lakini sipendi kusikia kwamba tunazipenda gemu hizi kwa sababu ya umaskini. Ninawajua watu wenye mashine kubwa, waliokwisha kuzipakua hizo GB 100, wanaorudi usiku kwenye pikseli.

Si kwamba kila kilicho na pikseli ni kizuri. Watengenezaji wengine wamerithi hata vidonda. Wanaweka sehemu ya kuhifadhi mwendo wa nusu saa kutoka kwa bosi, halafu wanaita huo ni uaminifu kwa mila. Kwanza mila yenyewe ilitokana na uhaba wa kumbukumbu kwenye kaseti, haikuwa falsafa. Pili, mtu ambaye umeme wake unaweza kukatika muda wowote na betri ya laptopu imekwisha kufa hana nusu saa ya kuchezea. Kuhifadhi popote si udhaifu wa mchezaji. Kidonda kingine ni kulazimishwa kuua konokono wale wale mara mia ili namba zipande, ujanja wa kurefusha gemu fupi. CrossCode ya Wajerumani wa Radical Fish Games, ya mwaka 2018, inaonyesha kwamba inawezekana kuchukua umbo la zamani ukaacha maudhi yake: mapigano yake ni ya kasi na mafumbo yake ni makali, mengine makali kupita kiasi, lakini safari yako inajihifadhi yenyewe na hakuna hatua ya bure. Shujaa wake Lea hawezi kusema ila maneno machache, na bado ni mwenye vituko kuliko mashujaa wanaohutubia.

Kinachonichosha zaidi ni ngome. Ngome, joka, mfalme mwenye ndevu, msitu wa misonobari. Wajapani waliuchukua ulimwengu huo Ulaya, Wamarekani wakauchukua kwa wote wawili, na sasa kijana wa Nairobi akifungua programu ya kutengenezea gemu, kitu cha kwanza anachochora ni ngome yenye bendera. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walikataa. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotoka mwaka 2016, ni RPG ya mapigano ambayo mfalme Enzo na mkewe Erine wanapinduliwa siku ya harusi na kutawazwa kwao, kisha wanatafuta nguvu kwa urithi wa mababu. Mke hakuachwa nyumbani kulia, yumo vitani. Ina kasoro, nisifiche. Mazungumzo ni marefu mno na mapigano yanachelewa kuchangamka. Lakini nilipoiona mara ya kwanza nilikaa wima kitini.

Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Zelda, husema ilitokana na utoto wake kule Sonobe, Japani, alipokuwa akizurura milimani na kuingia mapangoni. Mapango hata sisi tunayo. Ukitoka Kampala kwenda Mityana kuna mashimo ya Ttanda, ambayo Waganda wanasema yalichimbwa katika kumfukuza Walumbe, yaani Kifo. Kisa chenyewe kimekaa kama RPG tangu mwanzo. Kintu, mtu wa kwanza katika simulizi za Waganda, anataka kumuoa Nambi, baba mkwe Ggulu anampa majaribio: ale chakula cha umati, apasue mwamba awe kuni, ajaze mtungi kwa umande, amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi, na katika hilo la mwisho nyuki ndiye anayemsaidia. Kisha Walumbe anawafuata duniani, anaanza kuwachukua watoto wao, na Kayikuuzi, kaka yake Nambi, anatumwa kumkamata. Walumbe anazama ardhini, Kayikuuzi anachimba, Walumbe anazama kwingine. Hatimaye Kayikuuzi anaagiza watu wote wajifungie ndani na mtu asipige kelele, ili adui atoke. Anatoka kweli, halafu watoto waliokuwa nje na mbuzi wanamwona, wanapiga yowe, naye anarudi chini.

Mtu anipe hiyo kwa pikseli. Ramani itazamwe kutoka juu, si kwa ubavu kama Aurion. Badala ya upanga, jembe linalopiga na kuchimba, na ukilichimbia mahali pabaya mchana unakuishia. Kiwango cha chini ya skrini, kama kile cha Secret of Mana, kiwe cha kelele: kila pigo lakipandisha, kila kusimama kunakishusha, na kikijaa Walumbe amekwisha kuteleza shimo la pili. Programu ya kutengenezea gemu kama Godot ni ya bure na inaingia kwenye laptopu dhaifu, kwa hiyo kisingizio cha mashine hakipo. Kinachohitajika ni mchoraji, mtunzi wa muziki anayejua amadinda, marimba ya Kiganda, na miaka kadhaa ya kukosa usingizi.

Najua malalamiko yatakayokuja. Wachezaji watauliza kwa nini bosi wa mwisho hana mstari wa uhai, kwa nini umefikisha daraja la 99 na bado humuui. Waache walalamike. Kayikuuzi naye hakumuua.